Kifurushi cha Kuala Lumpur

Kabla ya safari lazima kichwa kishughulikiwe. Ndivyo tulivyo, na sibishani na desturi hiyo, ingawa inakula saa sita na kuacha makalio yamekufa ganzi. Jumamosi moja niliketi kwenye saluni ninayokwenda tangu nifike Brussels, ndani ya Galerie d'Ixelles, nikasukwa rasta nyembamba za kwendea Asia.

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, mfanyakazi wa wodi katika hospitali kubwa kule Jette, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nasafiri bila kukimbia kitu. Mipaka mingine yote niliivuka nikikimbia. Sasa nilikuwa na pasipoti ya Ubelgiji, wiki mbili za likizo na tiketi ya Kuala Lumpur, na nilikuwa naenda peke yangu. Wanawake waliokuwa wakisubiri zamu walilidaka hilo neno "peke yangu" wakalitafuna kama karanga. Mmoja aliuliza kama nina mwanamume kule. Mwingine akauliza kama sina mwanamume huku. Nikawajibu kwamba nataka kuona mji usio na mtu wa kuniuliza maswali. Walicheka, nami nikacheka, lakini nilimaanisha.

Mwenye saluni hakucheka. Maman huyu ni wa Bukavu kama mimi. Baridi yangu ya kwanza, nilipokuwa bado nalala kwenye kituo cha wakimbizi, ndiye aliyenivisha koti lake na kunilisha sombe, kisamvu chetu, kila Jumapili baada ya ibada. Alinisuka mpaka mwisho, kisha akaniita nyuma ya pazia, mahali anapoweka mashine zilizoharibika, akatoa kifurushi.

Kilikuwa na ukubwa wa kiatu cha mtu mzima, kimefungwa kwa mfuko mweusi na kuzungushiwa utepe wa kahawia wa maboksi, mzunguko juu ya mzunguko.

"Mutoto yangu iko kule na bwana yake, unajua. Umupatie. Atakuya kukutafuta ku hoteli."

"Iko nini ndani, maman?"

Alichungulia nje ya pazia, kwa wale wanawake, akashusha sauti.

"Kitu kidogo tu. Usifungule. Na usiambie muntu, hata ku kanisa."

Matonge, mtaa wetu wa Wakongo wenye saluni hiyo, hakuna mtu anayeondoka na mizigo yake peke yake. Ukienda Paris utabeba, ukienda Kinshasa utabeba mpaka mkono uteguke. Kukataa ni kumtukana aliyekupa. Kwa hiyo nilisema ndiyo, maman, merci, nikakitia kwenye begi, na raha ya likizo yangu ikaishia pale pale.

Nyumbani nilikitikisa. Kilikuwa kizito kuliko kilivyoonekana, na ndani kulikuwa na kitu kinachosagana kama mchanga. Kwa nini asiseme? Samaki wa chumvi angesema. Pilipili angesema. Kitenge angekikunjua anionyeshe na rangi. Nilikumbuka habari iliyonong'onwa kanisani, ya msichana aliyefungwa nchi ya mbali kwa sababu ya sanduku la mtu mwingine, na kila aliyeisimulia alimwongezea miaka ya kifungo. Nilijikemea. Huyu ni mama aliyenilisha. Halafu usiku huohuo nikawaza kwamba huenda ndiyo sababu ya kunilisha, nikajichukia kwa kuliwaza hilo, lakini lilikuwa limekwisha kuingia.

Utaniuliza mbona sikufungua. Kwa sababu ya utepe. Ningefungua, binti yake angeona, mama angeambiwa, na mimi ningeitwa mtu asiye na adabu kutoka saluni hiyo mpaka kituo cha Porte de Namur. Nilikuwa mjinga kiasi cha kuogopa aibu kuliko jela.

Ndani ya ndege jela ikashika nafasi yake. Tulipokaribia kutua walitangaza, kwa sauti ileile ya kutangaza chai, kwamba kuingiza dawa za kulevya nchini Malaysia adhabu yake ni kifo. Abiria wenzangu waliendelea kukunja mablanketi. Nilibeba mkoba wangu mpaka chooni, nikafunga mlango, nikatoboa kifurushi kwa pini ya nywele na kukikamua kidogo. Vumbi likatoka, jeupe lenye rangi ya majivu kwa mbali, likakaa kwenye ncha ya kidole changu.

Nilikuwa na pua, ilikuwa palepale usoni, na sikuitumia. Nilinawa kidole mpaka mhudumu akagonga mlango.

Uwanjani, kabla ya kufika kwa watu wa forodha, niliingia choo cha wanawake. Nilikisukuma kifurushi mpaka chini kabisa ya pipa la taka, nikakifunika kwa karatasi za kufutia mikono, nikatoka. Na kweli walinisimamisha. Katika foleni yetu nzima walituchagua mimi na mwanamke mwingine mweusi. Ofisa mmoja wa kike, mpole wa kutisha, alitoa nguo zangu moja moja, akapapasa bitana ya sanduku, akazipitisha rasta zangu katikati ya vidole vyake kana kwamba anahesabu. Aliponirudishia pasipoti na kunitakia mapumziko mema, nilimshukuru Mungu kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele yake.

Ule mji niliousafiria peke yangu sikuuona. Siku mbili nilikaa katika chumba cha hoteli nimeegemeza kiti mlangoni. Niliwaza kamera za uwanjani. Niliwaza mfagizi anakuta kifurushi, anaita polisi, polisi wanaangalia picha na kumwona mwanamke mmoja tu mwenye rasta na mkoba wa kijani. Kila hatua kwenye korido ilikuwa ya kwao. Nilipobanwa na njaa nilishuka kwenye duka la chini, nikanunua mikate na ndizi, nikapanda mbio. Mara moja nilijikaza nikafika mpaka kona ya barabara. Joto lilinivaa usoni, pikipiki zikapita kwenye magoti yangu, mwanaume mmoja akaniita kwa sauti ya kunizoea, nikageuza. Kule Brussels ningemjibu vizuri sana. Hapa sikuwa hata na mtu wa kuuliza kama ninachosikia mlangoni ni kweli.

Siku ya tatu mlango uligongwa na nikaona dunia imefika mwisho. Alikuwa kijana wa mapokezi. Kuna mgeni wangu chini.

Binti wa maman alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu amevaa gauni pana. Aliposimama kunikumbatia, tumbo lake lilinigusa kwanza. Miezi mitano, labda zaidi kidogo. Alinishika mikono miwili, akaniita yaya, yaani dada mkubwa, na hata hakuuliza nilisafiri vipi.

"Yaya, mabele yangu iko wapi?"

Mabele. Ule udongo mweupe wanaotafuna wanawake wenye mimba, ambao Matonge unauzwa dukani kabisa, mashelfu ya chini, karibu na mihogo. Mama yangu alikuwa akiutafuna alipombeba mdogo wangu, nami nilikuwa namwibia vipande. Una harufu ya ardhi inaponyeshewa mvua ya kwanza. Ningeinua kidole kile mpaka puani, mara moja tu, ningejua.

Alinieleza mwenyewe, kwa sauti ya chini, kama mama yake nyuma ya pazia. Mimba mbili zilikuwa zimetoka. Ya tatu walikubaliana, yeye na mama yake, kwamba hakuna atakayeambiwa mpaka mtoto alie, maana midomo ya watu na macho ya watu havieleweki. Tangu mwezi wa pili alikuwa anatapika kila kitu, na usiku alikuwa anaota ule udongo. Huko alikotafuta hakuupata.

Nikamwambia watu wa forodha waliuchukua.

Machozi yalimjaa, akayafuta haraka kwa kiganja.

"Bon, haiko neno. Habakukusumbua, yaya? Banaweza kukufunga ju yetu!"

Alinihurumia. Alikaa nami mchana kutwa, akanizungusha mjini na tumbo lake, akaninunulia wali wa nazi kwenye meza za kando ya barabara, na kila tulipovuka alinishika mkono kwa kuwa mimi ndiye mgeni. Nilikuwa bado naogopa, ila sasa nilimwogopa yeye.

Niliporudi Brussels nilikwenda kufumua nywele. Maman alikuwa ameshapigiwa simu na binti yake. Aliwaambia wateja, bila kutaja kilichokuwemo, jinsi nilivyoteswa uwanjani kwa ajili yake. Alikuwa ameniletea sombe kwenye chombo. Alianza kufumua kisogoni, taratibu, huku akiniombea baraka.

Niliwasubiri wateja wawili wa mwisho waondoke.

"Maman, haikuwa bantu ba douane. Ni mimi njo nilitupa."

Mikono yake ikasimama kichwani mwangu.

"Ju ya nini?"

"Niliogopa."

"Uliogopa bapolisi?"

Ningejibu ndiyo, na ingekuwa nusu ya kweli, na pengine tungeishi nayo. Kwenye kioo nilimwona ananitazama.

"Uliogopa mimi," akasema.

Akaendelea kufumua mpaka rasta ya mwisho. Akaniosha nywele, akanipaka mafuta, akanikung'uta mabega kwa taulo kama kawaida yake. Angenifukuza ningepata nafuu.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, na picha yake imebandikwa juu ya kioo cha saluni. Bado nasukwa palepale. Maman bado ananipa chakula Jumapili, na nikisafiri bado ananipa mizigo. Lakini hatumii tena utepe. Hata kikiwa chombo cha sombe, hata kikiwa kipande cha keki cha kupeleka tu nyumbani, hufunua kwanza, hukisogeza karibu na uso wangu, mbele ya wateja wote.

"Angalia ndani, mutoto yangu," husema, kwa upole uleule wa zamani.

Nami huangalia, kwa maana nisipoangalia hafuniki.