Ng'ombe Alioga, Mama Akavaa Kofia

Enzi zetu kupigwa picha ilikuwa shughuli. Huku kwetu Dundori mpiga picha alikuja Jumapili moja moja tu, kamera imening'inia kifuani, suruali ameikunja kwa sababu ya matope. Akionekana akipanda kilima kutoka kanisani, nyumba nzima ilivurugika. Mama alitukamata mmoja mmoja, akatukalisha kando ya karai na kutusugua visigino kwa gunzi la mahindi mpaka tukapiga kelele. Kisha mafuta, na hayo hakuyapaka kwa uchoyo. Nzi akitua shavuni aliteleza.

Watoto tulikuwa watano na viatu vya maana vilikuwa jozi moja. Dada yetu mkubwa, mwenye viatu, alisimama mbele. Sisi wengine tulipangwa nyuma kwenye nyasi ndefu, na ndiyo maana katika albamu ya Mama ukoo wetu wote unaonekana kama umeota shambani. Mateso makubwa yalikuwa soda. Mwenye duka alimwazima Mama chupa moja iliyojaa, ya kushikwa tu. Uliikumbatia, ukasikia baridi yake kifuani, ukanusa kifuniko, halafu ikarudi dukani bila kufunguliwa. Na usithubutu kucheka! "Picha si ya kuchekacheka," Mama alituonya. "Mnataka watu waseme sikuwafunza adabu?"

Baada ya hapo tulingoja. Filamu ilikuwa lazima iishe kwanza, kisha ipelekwe Nakuru mjini kusafishwa, na sisi kila Jumapili tulichungulia kilima. Safari moja katika picha kaka yangu Kamau alirudi bila kichwa. Mama aliichukua vivyo hivyo, akasema shati lake linajulikana.

Labda ugonjwa wangu ulianzia hapo. Siku za wiki nauza misumari na mabati mjini, lakini ikifika Jumamosi nabeba kamera na kuzurura. Nimepiga flamingo mpaka nadhani wananijua. Nimepiga milango mizee ya maduka, mikono ya wang'arisha viatu, mvua ikiteremka kuelekea Subukia. Rafiki zangu wanauliza kama kweli nimeamka alfajiri kwenda kupiga picha ukuta. Nawaambia ndiyo, tena ukuta wenyewe ulitulia vizuri kuliko wao.

Ila kulikuwa na picha moja niliyoitamani kuliko zote. Katika albamu ile yote hakuna hata moja ya Mama akiwa Mama: gamboti miguuni, gunia kiunoni, ameinama kwenye mistari ya viazi huku ukungu unampita mgongoni. Mpiga picha wa Jumapili hakumwona hivyo hata siku moja. Na muda ulikuwa unayoyoma, kwa sababu magoti yake yalikuwa yamegoma na tulikuwa tumekubaliana ahamie kwangu mjini, ng'ombe achukuliwe na jirani. Ilibaki Jumamosi moja tu. Nikampigia simu.

"Mama, nakuja kukupiga picha ukiwa shambani. Usijisumbue, kaa tu vile uko siku zote."

Kosa langu lilikuwa kumwambia. Nilipofika na binti yangu Shiru, Mama alikuwa ameketi uani na suti yake ya kanisa, kofia, soksi ndefu na mkoba juu ya magoti. Gamboti zilikuwa zimefichwa mahali ambapo sijapapata hadi leo. Hata ng'ombe alikuwa ameogeshwa mpaka kwato.

"Mama, si nilisema ukae vile uko siku zote?"

"Siku zote niko kwa matope. Hiyo nayo ni picha gani?"

"Shosho, hiyo ya gamboti ndio ingebamba, watu wangeipenda sana," Shiru akaingilia. Huyu ni mtoto ambaye hupiga sahani ya chipsi picha kumi na mbili kabla ya kuonja ya kwanza, halafu analalamika zimepoa.

"Imbambe nani?" Mama akamuuliza, na Shiru akarudi kwenye simu yake.

Nilibembeleza. Nikaona hasira inanipanda, nikasema lililokuwa moyoni: "Mama, mimi nataka kukukumbuka vile ulikuwa."

Aliuweka sawa mkoba juu ya magoti. "Hiyo kazi nilifanya ndio nyinyi msiifanye," akasema. "Sasa wewe umetoka kwa matope, umenunua kamera, na unataka kunirudisha huko ndio unikumbuke?"

Niliinua kamera haraka kuficha macho, na kwa muda sikuona kitu. Kisha nikampiga alivyotaka, wima kando ya ng'ombe wake safi, mkoba mbele, mdomo umefungwa kama askari wa gwaride. Nilipojaribu kumwelekeza mikono aliniambia nisimfundishe, yeye alipigwa picha kabla sijazaliwa. Nimeichapisha kubwa na kuitundika sebuleni, na kila mgeni anayeingia huonyeshwa, na Mama mwenyewe.

Sasa anaishi kwangu. Asubuhi ya kwanza nilimkuta jikoni kabla ya jua, kitambaa kichwani, mikono imelegea, anatazama huku na huku akitafuta kazi. Mwanga ulikuwa unaingia kando ya uso wake, mwanga ule ambao ningezunguka wiki nzima kuutafuta. Kamera ilikuwa mezani, karibu na mkono wangu. Niliiacha hapo, nikawasha jiko. Enzi zetu, saa kama hiyo alikuwa ameshakamua ng'ombe, ndoo imejaa mlangoni, nasi bado tunakoroma. Siku hizi tunaamka pamoja, na yeye ananiuliza kwa sauti ya chini pakiti ya maziwa hufunguliwa upande gani.