Kilo za Iteka

Spès, Mrundi anayesuka nywele katikati ya Durban, alimzaa Iteka akiwa na kilo tano kasoro kidogo. Wodini manesi walimpitisha mtoto kitanda hadi kitanda kama kombe la mpira. Hakuna aliyelitaja bega lililokwama, wala kichwa kilivyovutwa, wala sababu ya mkono wa kulia kuning'inia kama mkono wa koti. Spès alipouliza, aliambiwa asubiri, utarudi wenyewe.

Mgongoni, kitenge kiliificha mikono yote miwili. Mtoto alipoanza kushika vitu, mama mkwe wa Spès, Nimbona, aliona kwamba hupokea kila kitu kwa mkono wa kushoto. Kwao huko ni kukosa adabu. Akaufunga mkono huo kwa kitambaa ili ule wa kulia ujifunze kazi.

Ndivyo Jael alivyomkuta Iteka saluni. Jael ni Mkenya, anafundisha tiba ya viungo chuoni, na siku hiyo kichwa chake kilikuwa kimesukwa nusu.

"Mama, mbona mmemfunga mtoto?"

"Aache ukushoto," Nimbona akajibu. "Na wewe, kichwa nusu shamba nusu pori, utatufundisha kulea?"

Saluni nzima ikacheka, Jael naye. Kisha akamfungua mtoto, akaushika ule mkono wa kushoto taratibu, akamnyooshea kitana. Iteka alikikodolea macho. Bega la kulia likatikisika, mkono haukuinuka. Mtoto akalia, na kicheko kikaisha.

"Aki Spès, huyu si mashoto. Mishipa ya fahamu ya bega iliumia akizaliwa. Upasuaji upo, lakini mkichelewa misuli inakufa, na hapo hata mishipa ikiungwa haina cha kuamsha. Ana miezi mingapi?"

"Saba."

"Na hujampeleka?"

"Kila mwezi nilikwendaka! Banasema tu, subiri."

Kesho yake Spès alirudi kliniki. Nesi hakuugusa mkono. Alisoma uzito kwenye kadi, akasema mama alikula mno, na kwamba watoto wa kilo hizo hata wakipasuliwa hawaponi.

Mimi ninayesimulia haya nimesikia visingizio katika bandari na ofisi za nchi nyingi, ila hiki kilinichemsha damu. Uzito uleule! Wodini ulikuwa sifa, kliniki ukawa kosa la mama, sasa umegeuzwa hukumu ya mtoto. Na tumbo lile lilipopimwa miezi yote, nani aliuona ukubwa wake akanyamaza?

Spès aliketi sakafuni, mlangoni kabisa.

"Sitoki. Iko docteur ndani. Aje aushike huu mkono, kisha anifukuze yeye."

Watu wakawa wanamruka. Hatimaye daktari akatoka kwa hasira, akainama, akauinua mkono, akauachia. Ukaanguka. Siku hiyohiyo aliwaandikia rufaa.

Daktari wa upasuaji aliulizwa swali moja.

"Docteur, ni sababu mtoto iko mkubwa?"

"Ukubwa huenda ulichangia bega kukwama. Lakini siwezi kuzitazama kilo nikakuambia mkono utafika wapi. Ninachojua ni kwamba ungemleta mapema."

"Nilimleta mapema," Spès akasema. "Mlango ndio ulichelewa kufunguka."

Walichukua mshipa wa fahamu mguuni, wakauunga begani penye jeraha. Kwa zaidi ya mwaka, Spès aliunyoosha mkono ule kati ya kichwa cha mteja na kingine.

Juzi kulikuwa na karamu ya ubatizo Greyville. Mzee Ladislas, mmoja wa waalikwa, alimnyooshea Iteka andazi.

"Kwa mkono wa kulia, mtoto wa watu! Hamumfundishi?"

Mkono wa kulia uliinuka. Ulifika kifuani ukasimama hapo, ukitetemeka. Wa kushoto ukachukua andazi. Spès alifungua kinywa, lakini Nimbona alimtangulia.

"Ladislas, nyamaza. Huo wa kulia umefika hapo kwa vita. Adabu kawafundishe waliomvuta akizaliwa, na waliotuambia tusubiri. Huyu atapokea kwa mkono waliomwachia."

 Iteka alikuwa amekwisha kumaliza andazi, na sasa alitaka la pili.