Picha la Kihindi Kwenye Ghala la Pamba

Watu wa umri wangu wakikutana hapa Bariadi huanza kulilia sinema za zamani. Siku hizi hakuna picha, wanasema, siku hizi ni tamthilia tu, mtu analizwa vipindi sitini kwa sababu ya simu iliyopigwa akiwa bafuni. Nawaunga mkono, kwa sababu ni kweli. Zamani jambazi ulimjua toka anaingia, kwa masharubu na kicheko. Sasa unamhurumia mtu wiki tatu, ndipo unaambiwa yeye ndiye aliyemuua baba yake. Ila wakifika kwenye swali la nani aliyeziharibu, wanataja runinga, wanataja simu, wanataja vijana, na mimi nanyamaza. Hapa kwetu picha za zamani niliziua mimi, Jumapili moja mchana, nikiwa kidato cha pili na kichwa kimevimba.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Chama cha ushirika kilikuwa kimeshindwa kununua pamba, wanunuzi binafsi wameingia na mizani yao, na ghala moja la chama karibu na soko limebaki tupu. Mfanyabiashara mmoja, ambaye miaka michache nyuma aliitwa mlanguzi kwa kuficha sabuni, alilikodi, akaziba madirisha kwa magunia, akaleta televisheni, deki ya video na jenereta. Kila Jumapili baada ya misa ya pili alionyesha picha la Kihindi. Nyuzi za pamba zilikuwa bado zimeng'ang'ania kuta, na jenereta likitetemesha sakafu zilidondoka, watu wakatoka wote wana mvi.

Wahindi wale walisema Kihindi, na chini yalipita maandishi ya Kiingereza. Wengi waliokaa mle hawakujua hiki wala kile. Hata Kiswahili wengine walikitoa siku ya kwenda ofisini tu. Kwa hiyo kulikuwa na mkalimani, na mkalimani huyo alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, ambaye kwa Kisukuma tunamwita sengi. Alisimama kando ya televisheni ameshika ufito, akaieleza picha kwa Kisukuma mwanzo mpaka mwisho, saa tatu bila kunywa maji.

Sengi hakujua Kihindi. Kiingereza hakujua pia. Kusoma kwenyewe alisoma kwa kuungaunga. Alitazama nyuso, kisha akatunga. Katika picha zake matajiri wa Bombay walichunga ng'ombe. Polisi walimkamata mtu kwa sababu ya mpaka wa shamba. Mama mkwe mwenye bangili mpaka kwenye kiwiko alificha unga chini ya kitanda ili mkamwana alale njaa, na ghala zima lilimtukana mama mkwe huyo. Watu walitoka Nyalikungu kwa baiskeli kuja kumsikiliza.

Na kila picha, iwe imeanza vipi, ilikuwa na mwanamke aliyerudishwa kwao kwa sababu hazai, na mwishoni mume alikuja kumwomba arudi. Wote mle ndani walijua hadithi hiyo imetoka wapi. Sengi aliolewa Mwandoya akiwa msichana, akakaa miaka sita bila mtoto, akarudishwa, na mume akadai ng'ombe wake wa mahari. Shida ni kwamba ng'ombe wale hawakuwapo tena. Baba yangu alikuwa ameshawatoa kuwa mahari ya mama yangu. Ukoo ukahangaika kukusanya wengine, na kila aliyetoa ndama alimtolea sengi na maneno. Mimi nimezaliwa kwa ng'ombe wa sengi, na yeye ndiye aliyenilea, maana mama alikuwa na mtoto mchanga mgongoni kila mara. Nayasema haya mapema ili usije ukanihurumia huko mbele.

Jumapili ninayoisema nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya bweni. Nilivaa sare makusudi. Nilikaa mbele kabisa, upande wa wanawake, juu ya gunia lililokunjwa. Picha haijafika mbali mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamume wa makamo mwenye kofia ya pama, nyuma yake mwanamke mnene na watoto wawili. Alikuwa amekuja mjini kuuza pamba. Alikuwa yule mume wa Mwandoya. Watu wakageuka wakamtazama, kisha wakamtazama sengi. Yeye alisita, akahamisha ufito kutoka mkono huu kwenda ule, akaendelea.

Lakini sauti yake ilishuka, na hakuwa anaeleza tena kwa ajili yetu. Kwenye kioo mvua ilikuwa inanyesha kwenye kituo cha treni. Mwanamume, stelingi mwenyewe, alisimama mbele ya mwanamke mwenye sari nyeupe, akamshika mkono. "Anamwambia," sengi akasema, "nilimsikiliza mama yangu nikakutupa. Nyumba imejaa watoto na mimi silali." Wanawake wakaanza kuguna. Mzee mmoja nyuma akasonya kwa uchungu. Yule mume alikuwa ameinamisha kichwa, anaikunja kofia yake mapajani. Nilimwona kwa macho yangu. Dakika mbili zaidi, na sengi angepata kitu ambacho ukoo wetu wote haukuwahi kumpa: mtu yule angeinuka na kutoka mbele ya watu, na Bariadi nzima ingejua aibu ni ya nani.

Mimi nikainuka.

"Uongo!" nikasema, kwa Kiswahili cha shuleni. "Huyo si mke wake, ni dada yake. Na hajamwomba chochote. Anamwuliza treni inaondoka saa ngapi. Imeandikwa hapo chini."

Nimejiuliza sana kwa nini, na jibu halipendezi. Niliweza kuyasoma maandishi yale kabla hayajapita, na hakuna mtu mle ndani aliyejua kwamba naweza. Ilikuwa inaniwasha. Halafu niliona haya kuwa na shangazi anayewafanya Wahindi wachunge ng'ombe. Basi, ni hayo tu.

Likabaki jenereta linanguruma peke yake. Sengi akanitazama. "Ngoja nimalize, mwanangu," akasema, taratibu, sauti ya mtu anayeomba maji. Sikungoja. Nikausoma mstari uliofuata kwa Kiingereza, nikautafsiri kwa sauti ile ya kumpendeza mwalimu.

Aliyecheka wa kwanza ni yule mume. Aliinua kichwa, akaivaa kofia yake. "Kumbe treni tu!" akasema. "Na mimi nilishaanza kuogopa!" Ghala likalipuka. Mkewe alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Na wale wanawake waliokuwa wanaguna, hao ndio waliocheka kwa nguvu zaidi, kwa sababu walikuwa wameshaanza kulia na kila mtu aliwaona. Sengi akauegemeza ufito ukutani, akapita katikati ya magunia, akatoka nje kwenye jua.

Bariadi haina reli. Lakini kuanzia Jumatatu ile sengi hakuweza kupita sokoni bila kuulizwa habari za treni. Wauza mitumba walimwuliza, watoto kwenye bomba la maji walimwuliza. "Mwadila, sengi! Treni saa ngapi?" Hiyo mwadila ni salamu yetu ya mchana, salamu ya heshima kabisa, na baada yake wakamchoma. Hata baba yangu alimwuliza siku moja tukiwa tunakula, na tulicheka, mimi nikiwamo. Kila mara alijibu, "Sijui, mwanangu," mpaka walipochoka wenyewe. Walichukua miaka kuchoka.

Mwenye video aliniweka mimi badala yake. Nilitafsiri Jumapili tatu, kwa usahihi wote wa kidato cha pili. Anasema ndiyo. Anasema hapana. Anasema mvua inanyesha. Mama mmoja akaniambia, "Mvua hata sisi tunaiona." Jumapili ya tatu tulikuwa watu wanane. Mwenye video hakuwa mtu wa kubembeleza hasara; akaleta mikanda ya karate, maana ngumi haihitaji mkalimani. Vijana wakajaa, wanawake wakaacha kuja. Baadaye zikaja picha za risasi, baadaye zile zinazoingizwa Kiswahili huko Dar, mtu mmoja anasema sauti zote, ya bwana, ya bibi na ya mbwa. Ndivyo picha zilivyobadilika kwetu. Wenzangu wanaolilia zamani hawajui wanachokililia. Wanamlilia sengi, na ni wao waliomcheka.

Sasa sengi yuko kwangu. Macho yameisha, lilikuwa tatizo la mtoto wa jicho na mimi nilichelewa kumpeleka hospitali. Kutwa hukaa sebuleni na fimbo yake akisikiliza tamthilia za Kituruki kwa Kiswahili na kumtukana kila anayesema. Amekuwa mkali. Simlaumu.

Mwezi uliopita walikuja mchana kina mama wa jumuiya ya kanisani kumsalimia. Nikawamiminia chai, nikawasha runinga, na stesheni moja ilikuwa inarusha picha la zamani la Kihindi, maandishi ya Kiingereza yanapita chini. Wimbo ulipoanza tu sengi akanyoosha shingo. "Ndilo hilo," akasema. Na mimi nilikuwa nimeshalijua, ni lile la Jumapili ile. "Nieleze," akaniamuru.

Nikaanza kumweleza. Kikafika kituo cha treni, mvua ikanyesha, ikatokea sari nyeupe. Nikayaacha maandishi yapite bila kuyatazama, nikasema kwa Kisukuma maneno yake mwenyewe, ambayo sijayasahau hata moja: "Amepiga magoti kwenye tope, sengi. Anamwambia mke wake, nilimsikiliza mama yangu nikakutupa. Nyumba imejaa watoto na mimi silali. Anamwomba arudi." Mama mmoja wa jumuiya akaguna, akaweka kikombe chini.

Sengi aliiinamia fimbo yake. Nikadhani analia, na nitakiri kwamba nilifurahi.

"Uongo," akasema. Alisema kwa Kiswahili. "Huyo ni dada yake. Anamwuliza treni inaondoka saa ngapi."

Wageni wakacheka bila kujua wanacheka nini. Yeye hakucheka. Alinigeuzia uso, macho yale meupe yakapita juu ya bega langu. "Soma kilichoandikwa," akasema. "Usiongeze kitu."

Nikasoma. Anasema ndiyo. Anasema hapana. Anasema mvua inanyesha. Kina mama wakaanza kuaga mmoja mmoja, chai ikapoa mezani, na kila niliponyamaza kuvuta pumzi alinigonga goti kwa fimbo. Picha lilikuwa limebakiza saa moja na nusu. Nilimsomea lote.