Maziwa ya Kahembe

Harufu ya mashanza, yale maziwa ya kuganda tunayokula na bugali, inanirudisha kwetu upesi kuliko picha yoyote. Juzi mjukuu wangu wa kike alijimiminia kikombe cha pili, akasema bila haya, "Koko, niko mu mwezi na niko na njaa." Koko ndiye mimi, bibi yake, na kuwa mu mwezi ni kuwa katika siku zake.

Sisi tuliishi juu ya mlima, upande wa Kabare, unapoona Bukavu yote na ziwa lake chini. Baba alikuwa Shabunda akichimba dhahabu, na habari zake zilikuja zilipotaka. Nyumbani tulibaki mama, mimi, mdogo wangu Furaha, na ng'ombe mmoja, Kahembe. Kahembe ndiye alikuwa baba wa nyumba. Jirani alimkamua asubuhi, mama akashuka na maziwa mpaka soko la Kadutu, na masomo yetu yakalipwa hapo.

Sheria ilikuwa moja: mwanamke akiwa katika siku zake hanywi maziwa. Akinywa, ng'ombe anakufa. Siku hizo ni nini, hakuna aliyenieleza. Damu ilipokuja mara ya kwanza nilidhani nimejikata shambani. Mama alinipa kipande cha kitenge kikuukuu. "Funga hii. Ufue kwa kujificha. Na maziwa, hapana." Akachukua jembe, akaenda. Somo likaisha.

Ulipofika msimu wa njaa, maharagwe bado mabichi, nilikuwa katika siku zangu na kibuyu cha maziwa kilikuwa nyuma ya mlango. Nilikunywa. Nilikunywa mpaka nikashiba, sitadanganya. Wiki haikuisha, Kahembe akakataa majani, akavimba chini ya masikio, akalala, hakusimama tena. Watu waligawana nyama. Mimi sikuonja. Furaha alikula na fungu langu, akanicheka mimi dada yake mkubwa: "Yaya analilia ng'ombe kama bwana yake."

Mama akasema atasomesha mtoto mmoja tu. Mimi ndiye mkubwa, na darasani nilikuwa wa mbele. Nikamwambia, "Furaha aende. Mimi sipendi tena masomo."

"Kweli?"

"Kweli, mama."

Hakuuliza tena. Kesho yake nilikwenda shambani, na niliona ni adhabu ya haki.

Nilikuwa nimeshazaa watoto watano wakati veterineri alipopita kwetu kuchoma ng'ombe sindano. Akatuonyesha kupe: ugonjwa wao unavimbisha chini ya masikio, kisha unaua. Nikamuuliza kuhusu maziwa na siku za mwanamke. Alicheka mpaka akaweka sindano chini.

Jioni ile nilimkuta mama anatoa maharagwe kwenye maganda. Nikamwambia yote: kibuyu, kupe, kwa nini niliacha shule. Mikono yake ikasimama.

"Na miye nilikunywa," akasema. "Wiki ile ile. Nilizani unajua ni miye nilimuua, njo maana umekataa masomo. Nilikuwa na haya ya kukulazimisha."

Alikuwa mzee tayari, na mimi nilikuwa na mvi. Hatukulia. Tulimaliza maharagwe.

Utotoni niliamini mama anajua kila kitu, ni vile tu hapendi kusema. Kumbe alininyima maelezo ambayo yeye pia alinyimwa. Wajukuu wangu ninawaambia wote habari za mwezi mezani, wavulana wakiwapo, na anayeona haya ameze bugali yake anyamaze, lakini atasikia.