Mwanafunzi Aliyehesabu Mapigo Yangu

Mwaka ule nilipokonda, nilikuwa nafundisha darasa la mwaka wa pili katika shule ya wauguzi huko kwenye majani chai, upande wa Kericho. Masomo yangu yalikuwa mawili: jinsi magonjwa yanavyoanza na kuenea mwilini, na jinsi dawa zinavyofanya kazi. Nilikuwa na miaka thelathini na saba, mume aliyekuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, na watoto wawili waliosoma bweni.

Sikuwa nikitulia. Niliamka kabla hakujapambazuka nikafua nguo ambazo tayari zilikuwa safi. Darasani nilifungua madirisha yote, ukungu wa asubuhi ukaingia mpaka kwenye madawati, wanafunzi wakajikunyata ndani ya sweta zao huku mimi nikipangusa jasho. Mada iliyopangiwa wiki tatu niliimaliza kwa wiki moja na nusu. Chaki zilinivunjikia mkononi. Nyumbani nilikula ugali mara mbili ya mume wangu, nikashushia na mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu, na bado sketi zangu nilizikaza kiunoni kwa pini.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mtu akikonda wakati huo, watu hawakuuliza anaumwa nini. Walijua, au walidhani wanajua. Kanisani akina mama walianza kunisalimia kwa ncha za vidole. Sikuweza kuwalaumu sana, kwa sababu mimi mwenyewe niliwaza kama wao. Miaka mitatu nyuma, nikiwa wodini na wanafunzi, sindano niliyotoka kumtolea mgonjwa damu ilinichoma kidole. Mgonjwa yule alifariki baada ya wiki chache. Kwenye faili waliandika nimonia, lakini sisi tuliomhudumia tulijua. Nilijiosha kwa spiriti, nikafunga plasta, nikanyamaza. Hata mume wangu sikumwambia. Kwenda kupimwa ndiko sikutaka kabisa. Niliwafundisha wanafunzi jinsi virusi vinavyomaliza kinga ya mwili, hatua kwa hatua, nikitazama ukuta wa nyuma, kisha nikarudi nyumbani nikijiuliza mimi nimefika hatua gani.

Siku moja tulikuwa na somo la dawa za moyo. Kuna dawa inayoitwa digoxin, ambayo huupa moyo nguvu lakini pia huupunguzia mwendo. Kabla ya kumpa mgonjwa, muuguzi huhesabu mapigo yake dakika nzima. Yakiwa chini ya sitini, dawa anaizuia na kumwita daktari. Niliwaambia wakae wawili wawili, kila mmoja amhesabu mwenzake. Akabaki msichana mmoja bila mwenzake. Alitoka upande wa Longisa, na alikaa nyuma siku zote bila kufungua mdomo. Muhula wa kwanza wenzake walimcheka aliposema "bresha" badala ya presha, na tangu hapo hakuna aliyemsikia akijibu swali.

"Njoo unihesabu mimi," nikamwambia, nikaweka mkono juu ya meza.

Vidole vyake vilikuwa baridi. Alikazia macho saa yake, midomo ikicheza kidogo. Dakika ilipokwisha alichukua kalamu. Aliandika kwenye pembe ya daftari akanigeuzia nisome: 128.

"Umekosea," nikasema. "Rudia."

Akarudia. Safari hii akaandika 126.

Darasa zima lilikuwa likitutazama. Ningeweza kumshukuru tu nikaendelea na somo. Badala yake nilisema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Ukihesabu hivi wodini utaua mtu. Nenda ukakae."

Wakacheka. Alichukua daftari lake akarudi nyuma, ameinamisha kichwa.

Kesho yake, saa ya chai, alibisha mlango wa ofisi yangu. Alibaki amesimama ingawa nilimwonyesha kiti.

"Madam, samahani. Nimekuja na nukuu za somo lako."

"Zina nini?"

Alifungua daftari kwenye somo la mwezi uliopita. Lilikuwa somo la tezi ya shingoni, ile ambayo ikivimba watu huita goita. Nilikuwa nimewafundisha kwamba tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi, mwili mzima huenda mbio. Kando ya kila dalili msichana alikuwa ameweka alama ndogo ya penseli. Kukonda ingawa mtu anakula vizuri. Kuhisi joto wengine wakihisi baridi. Mikono kutetemeka. Kukosa usingizi. Hasira za haraka. Moyo kwenda mbio hata mtu akiwa ameketi.

"Ya macho kutokeza sina hakika," alisema, sauti ikizidi kushuka. "Hizi zingine nimeziona tangu tufungue shule."

"Nani amekutuma? Ni darasa?"

"Hakuna mtu, Madam."

"Basi toka."

Alitoka, lakini daftari akaliacha mezani. Nililitazama kwa muda. Mwandiko ulikuwa wake ila maneno yalikuwa yangu, mengine nimeyasema mwaka baada ya mwaka bila kubadilisha hata mfano. Nikachukua glasi ya maji nikaenda kwenye choo cha walimu, nikafunga mlango. Mbele ya kioo niliinua kidevu nikanywa funda moja huku nikiitazama shingo yangu, kama nilivyowafundisha kumpima mgonjwa. Kitu kipana, laini, kikapanda na kushuka pamoja na maji. Nikanywa tena. Nilikunywa mpaka glasi ikaisha, na kila mara kilipanda. Nilianza kulia, na sikujua kama nalia kwa furaha au kwa aibu. Tangu nianze kukonda nilikuwa na jibu moja tu kichwani, na sikuwa nimetafuta lingine.

Siku hiyohiyo nilienda kwa daktari wa wodi ya wanaume, mzee asiyependa maneno mengi. Alinipapasa shingo akiwa amesimama nyuma yangu, kisha akaniambia ninyooshe mikono, akalaza karatasi juu ya vidole vyangu. Karatasi ikatikisika.

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi."

"Na hapa unafundisha nini?"

Nilimwambia. Hakucheka, na hilo nalishukuru mpaka leo.

"Daktari, pima na kile kingine," nikasema. "Cha virusi."

Alinitazama, akaandika vyote viwili. Damu yangu ikapelekwa Nairobi na gari la hospitali, naye akanipa propranolol ya kutuliza moyo tukisubiri majibu. Tulisubiri wiki mbili. Kati ya kipindi na kipindi sikuweza kukaa kwenye kiti. Nilizunguka vijia vya majani chai nyuma ya shule mpaka wachumaji wakanizoea, wakawa hawainui tena vichwa nikipita.

Majibu yaliporudi, virusi havikuwepo. Tezi ndiyo iliyokuwa imepita kiwango. Daktari alinieleza dawa ya carbimazole, inayopunguza kazi ya tezi, kwamba nitaimeza mwaka mmoja na nusu hivi, na kwamba koo likiniuma pamoja na homa niache mara moja na nirudi kwake. Yote hayo ningeweza kuyasema usingizini. Nilimsikiliza kama mtu ambaye hajawahi kuyasikia.

Asubuhi iliyofuata nilisimama mbele ya darasa nikawaambia kwamba hesabu ya mwenzao ilikuwa sahihi mara zote mbili, kwamba mimi ndiye niliyekosea, na kwamba nilimwaibisha bila haki. Nikawaambia na ugonjwa wangu. Hakuna aliyecheka. Yule msichana alitazama dawati muda wote, na kengele ilipolia akanijia mlangoni.

"Madam, usinitaje tena mbele ya watu," alisema. "Tafadhali."

Nikamwahidi, na sikumtaja tena. Alipomaliza masomo alipewa kazi katika dispensari moja upande wa Sigor. Nilisikia kwamba akina mama wa huko wakifika na kumkosa, hungoja mpaka arudi.

Mume wangu nilimwambia jioni ya siku ile ya majibu. Nilimkuta nyuma ya nyumba akimkatia ng'ombe majani ya napia.

"Si ule ugonjwa," nikasema. "Ni tezi."

Hatukuwa tumewahi kuzungumza habari za ugonjwa wowote. Lakini hakuuliza ugonjwa upi. Aliweka panga chini, akakalia ndoo iliyopinduliwa.

"Mimi nilishapimwa," akasema. "Mwezi wa nne. Nilienda mpaka Nakuru ili nisionekane na mtu. Walisema niko sawa, lakini sikuwaamini. Nilidhani ni mimi nimekuletea."

"Kwa nini udhani ni wewe?"

Aliokota jani la napia akalikunja, kisha akanieleza. Miaka miwili nyuma kiwanda kilikuwa kimempeleka Limuru kujifunza mashine mpya, na huko kulikuwa na mwanamke. Nilihisi moyo ukienda kasi ambayo hakuna tezi iliyohusika nayo. Nikamwambia maneno mabaya. Kisha, kwa kuwa yalikuwa yananitoka yenyewe, nikamwambia na habari ya sindano.

"Miaka mitatu hukuniambia?" akauliza. "Tulale pamoja miaka mitatu, na wewe unajua?"

"Na wewe je?"

Tuliendelea hivyo msimu mzima. Dawa ilifanya kazi yake: mwezi wa pili mikono ilikuwa imetulia, sketi zikaanza kunibana, na akina mama kanisani wakaanza tena kunipa mkono mzima. Lakini mimi bado sikukaa nyumbani. Nilihamia chumba cha watoto, na kila Jumamosi nilitoka nikatembea bila kusema naenda wapi. Safari hii sikuwa na ugonjwa wa kusingizia.

Jumamosi moja mume wangu alinifuata barabarani akaniuliza kama anaweza kutembea nami. Nikamwambia njia si yangu. Tulienda mpaka karibu na Mogogosiek bila kuzungumza, na mvua ikatukuta huko, tukakimbilia kibanda cha kupimia majani. Hakukuwa na mtu. Nilimwuliza kitu ambacho kwa miezi yote ile nilikuwa nimeogopa kukiuliza, kama bado anamwona yule mwanamke wa Limuru. Akasema hapana, hajamwona tangu arudi. Siku ile sikumwamini bado, na nilimwambia hivyo waziwazi; kumwamini kulinichukua muda mrefu. Akasema sawa. Tulisimama pale mpaka mvua ilipopungua, kisha tukarudi kwa sababu ng'ombe alikuwa bado hajakamuliwa.