Debe la Asali na Debe la Mafuta

Jamaa, asali ya mahari ya mwanangu imemwagika yote!

Nabandika hapa dukani ili kila apitaye asome. Mwandiko ni wangu mwenyewe.

Leo asubuhi nimeubeba mzega, ule mti wa begani wa kuning'inizia mizigo miwili, mimi ambaye Msambweni nzima hakuna bega kama langu. Debe la asali mbele, debe la mafuta ya nazi nyuma. Yote mawili yamejaa pomoni.

Mke wangu akaniambia, "Baba Juma, asali ni nzito kuliko mafuta. Sogeza bega mbele kidogo."

Nikamjibu, "Debe ni debe, mama. Mzega hubebwa katikati!"

Sikufika hata kisimani. Mbele kukazama, asali chini. Nyuma kukaruka juu, debe la mafuta likateleza kwenye mti likaifuata.

Mchanga umekunywa yote.

Na wakwe kule Ramisi wameapa: bila asali, kesho hakuna nikaha. Juma hata kunitazama hataki.

Nawaombeni, mwenye asali alete, hata kibuyu. Nitajaza debe kidogo kidogo.

Safari hii bega nitaliweka mbele. Lakini mke wangu msimwambie.