Maji ya Kufundishia

Mwaka ule masomo ya msingi yalipofanywa ya bure, darasa langu la kwanza lilijaa hadi watoto wengine wakawa wanaandikia mapajani. Shule ilikuwa upande wa Ndithini, mahali pakavu, na mimi nilikuwa nimechoka kabla hata kengele ya asubuhi haijalia. Mume wangu alikuwa Athi River, akishona suruali za kuuzwa ng'ambo kwenye kiwanda kimoja cha EPZ. Binti yetu alikaa naye, pamoja na shangazi yake. Binti huyo naye alikuwa darasa la kwanza. Nilikuwa nashinda na watoto wa watu wiki nzima, nikiwashika mikono waandike herufi, na wangu alishikwa mkono na mtu mwingine. Nilitaka uhamisho. Sikutaka kitu kingine chochote duniani mwaka ule, na nikisema hivyo sitii chumvi.

Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa kushika. Hilo sikulipinga, tatizo ni kwamba aliyeshika ni mwanafunzi na aliyetafuta cha kushikwa ni mimi. Jumamosi nilikuwa naokota vizibo vya soda nyuma ya hoteli za sokoni, wachuuzi wakinitazama kama mtu ambaye mambo yamemzidi. Tulihesabu vizibo. Tulifunga vijiti kumi kumi kwa nyuzi za katani. Tulifinyanga ng'ombe wa udongo, wengi wao wakiwa wamekonda kama wale wa nyumbani, mbavu zimechorwa kwa mwiba. Watoto walifurahi sana. Mimi nilifagia.

Somo lililonishinda ni la ujazo. Kitabu cha mwalimu kilisema wape maji, chupa na vikombe, waache wamimine wenyewe. Siku ya kwanza niliweka beseni mbele, nikawaambia wamimine. Hakuna aliyemimina. Walilitazama lile beseni kwa adabu kama watu walio kanisani. Kule maji yalitoka kwenye mashimo yaliyochimbwa mchangani katikati ya mto mkavu, na mtoto aliyeonekana akiyachezea alichapwa bila kuulizwa. Mwishowe msichana mmoja wa dawati la mbele alichota kikombe, akanywa, akampa mwenzake. Mwenzake akanywa, akapitisha. Kikombe kikazunguka darasa zima hadi beseni likakauka, na hakuna tone lililomwagika. Nikaandika ubaoni kwamba lita ni lita, tukaendelea na mambo mengine.

Halafu muhula wa pili mwalimu mkuu akaniita pembeni. Mkaguzi alikuwa anakuja.

"Huyo ndiye hukaa kwa kamati ya uhamisho," akaniambia. "Akiona somo moja safi, atakuongelea. Lakini iwe safi, mwalimu."

"Somo gani?"

"Amesema anataka kuona ujazo. Anasema walimu wote wanaikwepa."

Niliamua safari hii sitashindwa. Nilinunua mitungi miwili ya maji kutoka kwa mtu mwenye tangi na punda, maji meupe ya mvua, siyo yale ya mtoni yenye rangi ya chai hata kabla ya majani. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Asubuhi ningewapa watoto wote maji ya mtungi wa kwanza wanywe mpaka watosheke, ili ya mtungi wa pili wayaone kama kitu cha kuchezea. Huo wa pili nikauweka jikoni, kwenye kivuli, nikaufunika kwa gunia. Usiku ule nililala vizuri kuliko nilivyokuwa nimelala kwa miezi. Nilijiona nikishuka Athi River na begi langu.

Asubuhi watoto wakanywa. Mkaguzi akafika, mtu mnene mpole mwenye suti ya kahawia, akaingizwa ofisini. Nikaenda jikoni kuchukua mtungi wangu nikaukuta mwepesi.

Mpishi wetu alikuwa mama wa makamo, mtu wa kanisa, mkarimu kupita kiasi. Alikuwa anapangusa vikombe vya wageni.

"Mama, maji yangu iko wapi?"

"Ile safi? Nimepikia wageni chai, mwaitu," akasema, akiniita mama kwa Kikamba. " Ingine nimeoshea hizi vikombe, na nikawawekea ya kunawa."

"Yote?"

"Sasa ningepikia mkaguzi na ile ya mto? Aone chai iko na mchanga chini? Aiee, hiyo ni aibu ya shule yote." Akanitazama. "Kwani ilikuwa ya nini?"

"Ya kufundisha."

"Maji ya kufundisha," akasema polepole, akilifikiria jambo hilo. Nilitaka kulia, na nilitaka kumrushia kikombe. Sikufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu alikuwa amefanya kile ambacho mama yangu mwenyewe angefanya. Mgeni hapewi maji machafu kwetu, hata kama nyumba nzima itanywa tope.

Nilirudi darasani mikono mitupu, mkaguzi ameshaketi nyuma kwenye kidawati, magoti yamegusa kidevu. Niliwaambia watoto tutoke nje na vikombe vyao. Nje palikuwa na kitu kimoja tu ambacho Ndithini haijawahi kukosa, nacho ni mchanga. Nikaweka chupa, mikebe, na gorogoro moja kuukuu ya kupimia mahindi.

"Pimeni," nikasema. Sikuwa na nguvu ya kusema zaidi.

Wakapima. Hakuna aliyewahi kuwachapa kwa kumwaga mchanga. Waliumwaga, wakauchota tena, wakapigana mabega, wakagundua wenyewe kwamba chupa ndefu nyembamba ilimezwa na mkebe mfupi mnene, na wengine hawakukubali hadi wakarudia. Kisha ukazuka ugomvi kwenye gorogoro. Mvulana mmoja aliizungushia viganja vyake viwili mdomoni, akarundika mchanga hadi ukawa kilima, kama wachuuzi wafanyavyo mahindi yakiwa mengi. Yule msichana wa dawati la mbele akapitisha mkono wake juu, akakikata kile kilima kikawa sawa na ukingo.

"Saa hii ni njaa," akamwambia. "Watu hawarundiki."

Mkaguzi alicheka hadi akachuchumaa nao, na suti yake. Akawauliza ni vikombe vingapi vinajaza gorogoro iliyorundikwa, na vingapi iliyokatwa, wakamjibu wote kwa pamoja wakipimia palepale. Mimi nilisimama pembeni jua likinichoma utosini. Niliona somo ni safi. Kwa mara ya kwanza tangu nifike pale nilijivunia kazi yangu, nikaona safari yangu imeiva.

Ofisini alikunywa chai yake, akasifu ladha, akaongezewa.

"Mwalimu," akasema, "nimeambiwa unataka kutoka."

"Ndiyo, bwana mkaguzi. Familia iko Athi River."

"Naelewa. Mimi pia niko na familia." Aliweka kikombe chini kwa upole. "Lakini nikikutoa hapa, nitaleta nani? Nikileta mtu wa mjini atakaa hapa akilia maji mpaka mwaka iishe. Wewe umejua hii mahali. Hao watoto wanakuhitaji sana. Nitasema hivyo kwa kamati."

Alinipa mkono. Mwalimu mkuu aliangalia dirishani. Nikamshukuru, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyolelewa, nikarudi darasani kukusanya vikombe.

Jioni nilikwenda kwa duka lenye simu ya kulipia, nikapiga Athi River. Mume wangu hakuwa amerudi kutoka kazini. Binti yangu ndiye aliyeshika, akapumua kwenye simu kwanza, kama kawaida yake.

"Mama, najua kufunga kamba ya kiatu. Anti amenifundisha. Nafunga hata ya baba."

Nikamwambia ni vizuri sana. Nikamwambia anifungie na mimi nikija.

"Unakuja lini?"

"Kuna watoto huku bado ninawafundisha."

Akapumua tena kwenye simu. Mwenye duka alikuwa anawasha taa.

"Hao watoto wako," akauliza, "kwani bado hawajajua?"

Nikamwambia bado.